Afya Yako Ughaibuni: Gofu ya Ufukweni Musselburgh Si ya Wakubwa Tu

Leo nataka tuzungumzie gofu. Ndiyo, gofu. Najua wapo walioanza kucheka hata kabla hawajamaliza aya hii, wanasema nesi wetu leo kapatwa na nini, atuambie habari za presha na sukari kama kawaida yake. Subirini kidogo. Tutafika huko huko kwenye presha na sukari, ila leo tutapitia ufukweni.

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba gofu ni mchezo wa wakubwa. Aliyekulia Dar es Salaam anakumbuka kupita kando ya uwanja wa Gymkhana, karibu na Hospitali ya Ocean Road, akiwaangalia mabwana wenye kofia wakitembea taratibu juu ya majani mazuri, na nyuma yao kijana kabeba mfuko wa fimbo. Kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyeingia mle ndani, basi aliingia kama yule kijana wa nyuma. Kwa hiyo tukifika Uingereza na kuona uwanja wa gofu, macho yanapita tu kama yanavyopita kwenye duka la saa za dhahabu. Si letu, twende zetu tukawahi basi.

Lakini Scotland, ambako gofu ilianzia kukua, mambo hayakuwa hivyo, na hata leo hayako hivyo kila mahali. Mfano mzuri ni uwanja wa zamani wa Musselburgh, mji mdogo wa pwani ulioko kama kilomita 10 mashariki ya katikati ya Edinburgh. Ni uwanja wa umma wenye mashimo 9 tu. Huhitaji kuwa mwanachama wa klabu wala kujuana na mtu. Unapiga simu, unaulizia nafasi, unalipa, unacheza. Na ni mmoja wa viwanja vya kale kabisa duniani ambavyo bado watu wanachezea.

Kwa nini nesi akuambie habari hizi? Kwa sababu nyumbani tulikuwa tunatembea bila kujua kwamba tunafanya mazoezi. Sokoni kwa miguu, msikitini au kanisani kwa miguu, shuleni kwa miguu, kumsalimia shangazi mgonjwa kwa miguu. Huku tumekuja kubeba maboksi, kutunza wazee, kufagia maofisi usiku, kuendesha mabasi. Tunachoka kweli kweli, lakini kuchoka si mazoezi. Mtu anasimama saa 12, anarudi kwake saa tano usiku, anakula sahani ya wali iliyojaa, analala. Miaka kumi baadaye anakuja kliniki, anaambiwa ana presha na kisukari kwa pamoja, anashangaa, anasema kwao hakuna mwenye ugonjwa huo.

Na sisi watu wa asili ya Afrika, pamoja na wenye asili ya Asia na Mashariki ya Kati, kisukari cha aina ya pili hutufika tukiwa na mwili mdogo kuliko Mzungu. Ndiyo maana miongozo ya tiba ya Uingereza imetuwekea kipimo cha chini zaidi: kwa Mzungu hatari huanza kuhesabiwa BMI inapofika 25, kwetu sisi inaanzia 23. Kwa maneno mengine, yule anayeitwa kwetu "kanenepa kidogo, kapendeza", huku tayari yuko kwenye orodha ya kuangaliwa.

Sasa ukimwambia mtu huyo aende jimu, atakwenda mara mbili. Ukimwambia atembee tu barabarani nusu saa, atakwambia atembee aende wapi. Hapo ndipo gofu inaposaidia. Inakupa pa kwenda. Unaupiga mpira, unaufuata. Ukiupiga vibaya, unatembea zaidi, kwa hiyo anayejifunza anafaidi kuliko bingwa! Kwa mashimo 9 utatembea kati ya kilomita 3 na 6, kwa muda wa kama saa mbili, na hutaona umetembea mpaka jioni miguu ikuambie. Ukienda mara moja kwa wiki, umeshakaribia zile dakika 150 za mwendo wa wastani tunazowahimiza watu wazima wapate kila wiki.

Na sio maneno yangu peke yangu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia wachezaji wa gofu 300,000 wa nchi ile, ukakuta vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Tusidanganyane lakini: wanaocheza gofu huenda tangu mwanzo ni watu wenye afya na nafasi, na utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba ni gofu iliyowaokoa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walikusanya mamia ya tafiti za gofu, wakaona inaelekea kusaidia moyo, mapafu na utulivu wa akili, hasa kwa anayetembea kwa miguu badala ya kupanda kigari. Mimi hilo linanitosha.

Turudi Musselburgh, maana nataka uujue uwanja wenyewe kabla hujaukanyaga. Viwanja vya namna hii Waskoti wanaviita linksi. Maana yake ni ile ardhi ya mchanga iliyoko kati ya ufukwe na mashamba, yenye mabonde madogo na majani mafupi magumu, isiyofaa kulima. Kwa kuwa chini ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama upesi, na ndiyo maana hata wakati wa baridi unaweza kutembea bila kuzama kwenye matope. Miti mikubwa hakuna. Kuna majani marefu, vichaka vya miba yenye maua ya manjano, na vishimo vya mchanga wanavyoviita banka, ambavyo vimewekwa makusudi vimeze mpira wako.

Inasimuliwa kwamba Malkia Mary wa Scotland alicheza hapa mwaka 1567. Hayo ni masimulizi. Ushahidi wa maandishi ni wa mwaka 1672, na unachekesha: mwanasheria mmoja wa Edinburgh, Sir John Foulis, aliandika kwenye daftari lake la matumizi kwamba kapoteza pesa kwa gofu Musselburgh. Aliliwa! Zamani mashimo yalikuwa saba, la nane likaongezwa mwaka 1832 na la tisa mwaka 1870. Hata ukubwa wa shimo la gofu unaotumika leo dunia nzima, inchi 4 na robo, yaani karibu milimita 108, unatokana na kifaa cha kukatia mashimo kilichotumika hapa mwaka 1829.

Lakini kilichonifanya niupende uwanja huu ni wanawake. Musselburgh ilikuwa na wachuuzi wa samaki, akina mama wa bandari ndogo ya Fisherrow. Walibeba samaki kwenye matenga mgongoni na kwenda nao kwa miguu mpaka Edinburgh kuuza, kisha wanarudi kwa miguu. Mtu wa Pangani au Lamu hahitaji kuelezwa maisha hayo. Mchungaji wa mji huo, Alexander Carlyle, aliandika katika miaka ya 1790 kwamba akina mama hao siku za mapumziko walicheza gofu, na kwamba kila mwaka kulikuwa na mechi ya mpira wa miguu kati ya walioolewa na wasioolewa, na walioolewa ndio walioshinda. Mwaka 1811 klabu ya gofu ya mji ikawaandalia mashindano yao, na mshindi aliahidiwa tenga jipya la samaki na shali, pamoja na leso za hariri. Hayo yanahesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya gofu ya wanawake kuandikwa popote.

Mabwana wakubwa nao walikuwepo. Klabu ya heshima ya wachezaji wa Edinburgh ilihamia Musselburgh mwaka 1836, kisha mwaka 1891 ikaondoka kwenda kwenye uwanja wake yenyewe, Muirfield, na mashindano makubwa ya Open yakaondoka nayo. Huko Muirfield wanawake walikuja kukubaliwa kuwa wanachama kwa kura ya mwaka 2017, baada ya kura ya mwaka 2016 kushindwa kutosha. Hesabu mwenyewe miaka kati ya 1811 na 2017. Wauza samaki walitangulia kwa zaidi ya karne mbili.

Open ilichezwa Musselburgh mara sita, kuanzia 1874 mpaka 1889. Bingwa wa 1886, David Brown, kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa. Bob Ferguson, mtoto wa mji huo huo, alishinda mara tatu mfululizo, 1880, 1881 na 1882. Mwaka 1883 alikosa kidogo tu kushinda mara ya nne. Baada ya hapo akapatwa na homa ya matumbo, ile taifodi tunayoijua sote, na nguvu zake hazikurudi tena. Hakucheza tena mashindano makubwa. Akabaki Musselburgh akibebea wengine fimbo na kutunza majani ya uwanja. Kila nikipita pale namfikiria huyu kuliko washindi wengine wote. Siku hizi taifodi ina dawa na ina chanjo, na hapa Uingereza chanjo hiyo hupatikana kwa msafiri anayekwenda nchi zetu, kwa hiyo unapokata tiketi ya kwenda kusalimia nyumbani, ulizia chanjo hiyo wiki kadhaa kabla. Usiseme mimi nimezaliwa kule, mwili unajua. Mwili unasahau.

Haya, sasa tucheze. Uwanja wenyewe uko ndani ya uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo utavuka vizuizi vyeupe vya njia ya farasi, na siku ya mbio gofu haichezwi. Piga simu kwanza usije ukapoteza nauli. Kama huna fimbo usinunue, kodi. Uwanja huu umejulikana pia kwa kukodisha fimbo za mpini wa mti wa hickory kama za miaka ya 1800, ukitaka kujua wale wauza samaki walishika nini. Kwa anayeanza, fimbo tatu zinatosha, na mfuko mwepesi ni rafiki wa mgongo.

Mashimo ya mwanzo unaelekea mashariki, kisha unageuka kurudi ulikotoka. Hili lina maana kubwa kwa afya yako, na sijaona mtu akiwaambia wageni. Scotland upepo mara nyingi hutoka magharibi. Kwa hiyo mwanzoni upepo uko mgongoni, unakusukuma, unajiona kijana. Ukigeuka, unaupokea kifuani, na wakati huo ndio umechoka. Upepo huu si kusi wala kaskazi ya kwetu. Ni baridi, unatafuta tundu kwenye nguo. Baridi inakaza mishipa ya damu na kupandisha presha, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Mwenye matatizo ya moyo akipata maumivu ya kifua, mara nyingi ni wakati kama huo, anapopanda kilima kidogo huku upepo unampiga usoni. Kwa hiyo nenda taratibu mwanzoni hata kama unajisikia vizuri. Weka nguvu za kurudia.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Uweze kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo kama unatumia vidonge vya jamii ya bisoprolol au atenolol, kwa sababu vidonge hivyo vinazuia mapigo yasipande hata kama umechoka.

Nizungumze na wenye presha, maana ndio wengi. Kama hujapima mwaka huu, pima kabla ya kuanza, famasi nyingi zinapima. Ikiwa juu ya 140 kwa 90, onana na GP, lakini kutembea polepole hakukatazwi, kunahimizwa. Ikifika 180 kwa 120 au zaidi, siku hiyo hakuna gofu; piga 111 upate ushauri siku hiyo hiyo, na kama una maumivu ya kifua, kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri au maneno hayatoki sawasawa, piga 999.

Kuna jambo watu wanaona haya kulisema nami nalijua kwa sababu nauliza: vidonge vya kukojosha. Uwanja wa wazi, upepo, choo kiko mbali, basi mtu anaamua asimeze kidonge siku ya matembezi. Halafu na siku ya safari asimeze, na siku ya harusi asimeze, mwishowe anameza siku mbili kwa wiki na presha iko palepale. Usiache. Mwulize mfamasia kama unaweza kumeza baada ya kurudi badala ya asubuhi, mara nyingi inawezekana. Wanaotumia doxazosin nao wawe waangalifu wanapoinama kuokota mpira shimoni. Ukiinuka ghafla kichwa kinazunguka. Piga goti moja, okota, inuka pole pole. Hata wazee wa Kiskoti wanafanya hivyo, hutaonekana mshamba.

Wenye kisukari, kama dawa yenu ni metformin peke yake, hatari ya sukari kushuka kwa kutembea ni ndogo. Lakini anayetumia insulini au gliclazide asiende na tumbo tupu. Pima kabla ya kutoka. Ukiwa chini ya 5, kula kwanza. Mfukoni, sio kwenye begi bali mfukoni, weka vidonge vitano vya glukosi au pakiti ndogo ya juisi. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, kukasirika bila sababu, simama hapo hapo, kunywa juisi yako, ngoja dakika 10 mpaka 15, pima tena, kisha ule kitu kama mkate. Mwambie unayecheza naye kwamba una kisukari. Wengi wetu tunaficha, na huyo mwenzako akiona unaongea ovyo atadhani umelewa.

Mwenye selimundu, yaani sikoseli, upepo huu na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali. Simkatazi, ila avae nguo za tabaka tabaka, achague siku tulivu ya kiangazi, anywe maji hata bila kiu, na aondoke mara tu mifupa inapoanza kusema. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Pwani hii ya mashariki huwa na ukungu wa baharini unaoingia ghafla, hasa majira ya machipuko na kiangazi; jua liko Edinburgh, wewe uko ndani ya blanketi la maji baridi. Kifua cha pumu hakipendi hilo.

Kuna kaka mmoja wa kwetu, dereva, amevuka miaka 55, alikuja tulipokuwa tunapima watu presha kwenye ukumbi wa jumuiya. Ilikuwa 168 kwa 102. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, hizi namba si nzuri, vidonge unameza?" Akacheka, "Marahaba dada, nameza nikikumbuka." Nikampa nasaha za kutembea. Akajibu nimwonee huruma, anakaa peke yake, akitembea mtaani jioni watu wanamtazama kama mwizi. Maneno hayo yalinikaa. Ni kweli, mwanamume mweusi anayezungukazunguka mtaani bila shughuli huku ughaibuni hana raha. Nilimwambia habari za Musselburgh nusu kwa utani. Alisema gofu ni ya wazungu wenye pesa. Nikamsimulia wauza samaki na matenga yao. Alikwenda, kwanza peke yake kuangalia tu, kisha akakodi fimbo. Alinipigia simu kulalamika kwamba mpira haupigiki, mdogo kama ndimu. Akarudi tena wiki iliyofuata.

Miezi sita baadaye alikuwa 138 kwa 84. Ni gofu au ni vidonge? Ni vyote, maana alianza pia kumeza kila siku. Alisema akienda uwanjani Jumamosi hataki kuanguka mbele ya watu, kwa hiyo anameza. Ila aliloniambia la zaidi ni kwamba pale mtu mwenye fimbo mkononi haulizwi anafanya nini. Wazee wa mji wanamsalimia, wanamwonyesha namna ya kusimama, wanamwuliza kwao hali ya hewa ikoje. Upweke nao ni ugonjwa, jamani, na unaua kimya kimya.

Mgongo sasa. Maumivu ya kiuno ndiyo yanayowapata wachezaji wa gofu zaidi, na nyie mnaoinua wagonjwa kwenye nyumba za wazee mmeshafika na viuno vilivyochoka. Usishuke kwenye basi ukashika fimbo na kupiga kwa nguvu zote kama unapasua kuni. Tembea dakika 10 kwanza, zungusha mabega, zungusha kiuno bila fimbo, kisha piga nusu nusu. Mpira wa gofu hauendi kwa hasira. Ukitoka zamu ya usiku, usiende siku hiyo, lala. Maumivu yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti, au ganzi, hayo ni ya kumpelekea GP.

Na ukisikia mtu anapiga kelele "Fo!", usigeuke kutazama nani anaita. Inamisha kichwa, kifunike kwa mikono. Maana yake kuna mpira unakuja, na kipira kile ni kigumu kama jiwe. Silika yetu ya kugeuka tukiitwa hapa inaweza kukutoa jicho. Radi ikisikika, acha fimbo na uondoke uwanjani.

Akina dada wananiuliza mavazi. Suruali pana, fulana ya mikono mirefu, koti jepesi la kuzuia upepo na mtandio uliofungwa vizuri vinatosha, na kwa upepo ule mwenye mtandio ndiye aliyevaa kwa akili. Abaya ndefu itakukwaza kwenye majani marefu. Viatu vya raba vyenye kushika ardhi vinafaa. Wanaotumia amlodipine na miguu yao inavimba jioni, wachague viatu vyenye nafasi.

Msidhani kwamba kwa kuwa mko nje basi vitamini D mtaipata. Hapa tuko nyuzi 56 kaskazini ya ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuitengeneza ngozini, na ngozi nyeusi au iliyofunikwa inahitaji jua zaidi hata kiangazi. Ushauri wa serikali ni mikrogramu 10 kwa siku, wengine majira ya mapukutiko na baridi, sisi wenye ngozi nyeusi tuifikirie mwaka mzima. Kidonge ni cha bei ndogo.

Ndugu zetu wa Muscat na Dubai, nanyi mna viwanja vya gofu kando ya bahari, ila shida yenu ni kinyume cha yetu. Kwenu ni alfajiri tu, na maji kabla ya kiu. Mengi niliyosema ya presha na sukari yanawahusu vilevile, ukiondoa koti.

Na kama baada ya haya yote bado hutaki kushika fimbo, au pesa haijapatikana mwezi huu, Scotland ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye ardhi nyingi, hata kukatiza uwanja wa gofu, mradi asiwasumbue wachezaji na asikanyage yale majani laini yaliyozunguka mashimo. Kwa hiyo ufukwe wa Musselburgh ni wako hata bila mpira. Zamani, kule mwisho wa uwanja palikuwa na nyumba ya vinywaji ya Bi Forman, wachezaji wakipitishiwa glasi zao dirishani. Wewe beba chupa yako ya chai ya tangawizi, sukari weka kidogo. Ukirudi nyumbani vua soksi, kaa kitako, angalia nyayo zako moja moja, mpaka katikati ya vidole. Mwenye kisukari anaweza kutembea saa mbili na kijiwe ndani ya kiatu asikisikie. Ukiona lengelenge au mchubuko, usitumbue, usipake dawa za kienyeji. Funika kwa bandeji safi, na kesho asubuhi piga simu kwa GP au kliniki yako ya miguu.